Karatasi za Albamu Hii Ninazo Mimi

Hotuba ya mwimbaji, Nairobi, jioni ya kuzindua albamu yake ya kwanza

Wazee wangu, shikamooni. Mama, uliyekaa hapo mbele na leso yako mabegani, shikamoo. Walimu wangu, wanamuziki wenzangu, majirani wa Buruburu mliopanda matatu mbili kufika huku Kilimani, hamjambo? Najua Barabara ya Ngong inavyokuwa mvua ikinyesha saa kumi na moja jioni, kwa hiyo kila aliyefika na viatu vilivyolowa namshukuru mara mbili.

Bendi iko tayari, na mimi ndiye ninayeichelewesha. Nimeomba muda huu kwa sababu ya wimbo mmoja, wa tisa, wa mwisho kwenye albamu. Wengi wenu mnaujua. Tangu nyimbo zitoke wiki iliyopita mmekuwa mkiniandikia: mbona umeubadilisha? Mbona si ule tuliouzoea redioni? Dada mmoja ameniambia nimeuharibu wimbo uliochezwa kwenye harusi yake. Nimeyasoma yote, na nimeona si haki kuyajibu kwa mistari miwili ya simu.

Wimbo huo niliurekodi mara ya kwanza nikiwa na miaka 24. Wakati ule nilikuwa mwitikiaji. Jumamosi harusi, Jumapili kanisani, katikati ya wiki hoteli, siku zote nikiwa mstari wa nyuma, wa pili kutoka kushoto. Kazi ya uitikiaji naipenda mpaka leo. Imenifundisha kusikiliza kuliko shule yoyote. Basi prodyuza mmoja alinisikia. Jina lake silitaji. Akaniambia, "Njoo studio kwangu, hulipi kitu." Mtu ambaye nauli ya kurudi nyumbani alikuwa akiihesabu tangu asubuhi, ukamwambia halipi kitu, hakuulizi swali. Nilirekodi kuanzia saa tatu usiku hadi alfajiri. Nikaondoka na wimbo kwenye simu, nikausikiliza ndani ya matatu ya kwanza ya asubuhi, kichwa nimekilaza dirishani, machozi yananitoka kwa furaha.

Baadaye ukachezwa. Niliusikia saluni nikisukwa. Niliusikia duka la dawa nikimnunulia mama dawa za presha, nikawa nasimama pale kwenye foleni na sauti yangu juu ya kichwa changu, na pesa za dawa hazitoshi. Sikupata shilingi. Nilipokwenda kuuliza, sikufukuzwa wala kutukanwa. Niliulizwa swali moja tu: "Nani alilipa saa za studio?"

Swali hilo lilinichoma kwa miaka saba. Nililichukulia kuwa ni dharau. Mpaka siku nilipopata ujasiri wa kwenda kwa wakili, nikagundua kwamba ndilo swali ambalo sheria yenyewe inauliza.

Vijana, hapa naomba mnisikilize kwa makini. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya, ya mwaka 2001, inapoeleza mwandishi wa rekodi ya sauti ni nani, haimtaji mwimbaji. Inamtaja mtu aliyefanya mipango ya rekodi hiyo kutengenezwa. Aliyekodi chumba, aliyemwita fundi wa mitambo, aliyelipia umeme. Kwa hiyo unapoambiwa "njoo, hulipi kitu", bila karatasi yoyote, elewa kwamba kuna anayelipa, na rekodi inaelekea kwake. Si lazima awe mtu mbaya. Mimi mwenyewe nilimpelekea, kwa miguu yangu, usiku, nikimshukuru.

Lakini wakili akafungua ukurasa mwingine. Akaniambia wimbo ni mali mbili zilizolaliana. Kuna rekodi, na kuna utunzi, yaani maneno na lahani. Utunzi ni wa mtunzi tangu anapoutia katika umbo la kudumu, uwe umeandikwa au umerekodiwa. Si lazima kwanza uuandikishe kwenye Bodi ya Hakimiliki, KECOBO, ndipo uwe wako, ingawa cheti chao ni ushahidi mzuri siku ya ugomvi na mimi hizi nyimbo tisa nimeziandikisha zote. Rekodi inalindwa kwa miaka 50 tangu mwisho wa mwaka ilipotengenezwa. Utunzi unalindwa maisha yote ya mtunzi, na miaka 50 zaidi baada ya mwaka aliofariki. Na hakimiliki haihamishwi kwa mdomo. Lazima iwe maandishi, na sahihi ya anayeitoa. Akaniuliza, "Ulitia sahihi chochote?" Nikasema hapana. Akasema, "Basi wimbo hujawahi kuupoteza. Kilichobaki kwake ni ile rekodi ya usiku ule. Ukitaka, urekodi upya kesho."

Miaka saba nilikuwa nikiuomboleza wimbo uliokuwa hai.

Kisha akaniuliza tena, akiwa ameshika kalamu: "Uliutunga peke yako?" Nikajibu ndiyo. Jibu hilo lilinitoka haraka mno, na nitalirudia.

Sasa, mama huniuliza: mwanangu, huu muziki wako ni muziki gani hasa? Si benga, si taarabu, si nyimbo za kanisa, na hauchezeki harusini. Nimjibu leo mbele ya watu.

Mama, ni neo soul. Soul ni ule muziki wa Wamarekani weusi uliotoka kanisani, ulioshushwa kutoka madhabahuni ukaletwa sebuleni. Hiyo "neo", yaani mpya, iliongezwa mwishoni mwa miaka ya 1990, na anayetajwa kuwa ndiye aliyelieneza jina hilo ni Kedar Massenburg, aliyekuwa nyuma ya kazi za mwanzo za D'Angelo na Erykah Badu. Lilikuwa jina la sokoni, na baadhi ya waliobandikwa hawakulipenda. Lakini kitu chenyewe kilikuwepo. D'Angelo alitoa albamu yake ya kwanza mwaka 1995, Maxwell 1996, Badu 1997, Lauryn Hill 1998. Wakati ambapo mashine zilikuwa zimeshika kila kitu, hawa wakarudisha besi inayopigwa na vidole vya mtu, kinanda cha Rhodes chenye mlio kama kengele iliyofunikwa kitambaa, na mwimbaji anayeongea na wewe mmoja, si na uwanja mzima.

Na wakarudisha uchelewaji. Hili ndilo lililonishika mimi. Kulikuwa na mtayarishaji wa Detroit, J Dilla, aliyefariki mwaka 2006. Mashine ya ngoma, ile MPC 3000, ina uwezo wa kuyanyoosha mapigo yote yakae sawasawa kama askari kwenye gwaride. Yeye alikataa unyoofu huo, pigo moja akaliwahisha kidogo, jingine akalichelewesha kidogo. Questlove na wapiga ngoma wengine wakaanza kuiga kwa mikono kile alichokifanya Dilla kwa mashine. Mara ya kwanza nilipousikia mdundo ule nilidhani kaseti imelegea. Mara ya pili sikuweza kukaa.

D'Angelo alipofariki Oktoba 2025, akiwa na miaka 51, tulikuwa katikati ya kurekodi. Mpiga besi wetu alipata habari kwenye simu, akaiweka chini, akapiga noti moja, ile ya chini kabisa, akaiacha iishe yenyewe. Hatukurekodi kitu kingine usiku ule.

Lakini mimi siimbi kwa Kiingereza, na hapo ndipo kazi ilipokuwa kubwa. Nitakaa hapa kidogo, waalimu wa Kiswahili waliomo ukumbini watanivumilia.

Kiswahili kina mkazo, na kwa kawaida mkazo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Ukiuhamisha umevunja neno, au umepata neno jingine. Sema "baraBAra", umepata njia ya magari. Sema "baRAbara", umepata sawasawa. Sasa soul ya Kiingereza imejengwa juu ya maneno mafupi ambayo mwimbaji huyafikia mwishoni mwa mstari, akaishika silabi ile ya mwisho na kuizungusha anavyotaka. Nikijaribu hivyo na Kiswahili, nakuwa nimeishika silabi dhaifu. Naimba "nakungojaaa", na masikio ya mtu wa Mombasa yanasinyaa. Kwa miaka nilikuwa nikisikia nyimbo zangu za Kiswahili zikiwa kama nguo ya kuazima, na sikujua kasoro iko wapi.

Aliyenipa jibu ni nyanya yangu wa Mji wa Kale, Mombasa, Mungu amrehemu, ambaye hakuwahi kusikia jina la neo soul. Nyanya alikuwa akikata mboga anaghani mashairi, na mimi nikiwa mdogo nilihesabu kwa vidole. Shairi la kawaida lina mizani 16 katika mshororo, nane za ukwapi na nane za utao. Hiyo mnaijua tangu shule. Miaka baadaye, katika chumba changu Buruburu, nilichukua mstari huu:

Dirishani nakungoja, taa yangu haizimi.

Hesabuni. Di-ri-sha-ni-na-ku-ngo-ja, nane. Ta-a-ya-ngu-ha-i-zi-mi, nane. Sasa pigeni mapigo manne kwa mguu, na kila pigo mlipe silabi mbili. Mkazo wa "dirishani" uko kwenye "sha", silabi ya tatu, nayo inaangukia pigo la pili. Mkazo wa "nakungoja" uko kwenye "ngo", silabi ya saba, nayo inaangukia pigo la nne. Pigo la pili na la nne! Ndipo hapo hapo, katika nyimbo nyingi za soul, mpiga ngoma anapoipiga ile ngoma ndogo yenye mlio mkali. Ndipo watu wa kanisani wanapopiga makofi. Na ukiangalia zaidi, kipande chochote cha mizani nane kinachoishia na neno la kawaida la Kiswahili, lazima mkazo wake wa mwisho uwe silabi ya saba. Lazima. Kwa hiyo lazima uangukie pigo la nne.

Nilisimama katikati ya chumba nikicheka peke yangu. Washairi wa pwani, karne kwa karne, walikuwa wameniandalia mahali pa ngoma, na mimi nilikuwa nazunguka nikitafuta mlango Philadelphia.

Baada ya hapo albamu ilijiandika. Silabi ya saba naichelewesha kidogo tu nyuma ya ngoma, naishika hiyo, naizungusha hiyo, kisha ile ya mwisho naiweka chini taratibu kama kikombe juu ya sahani. Ukisikiliza wimbo wa tatu na wa sita utausikia mchezo wote huo. Wa nne haukufuata kanuni hiyo. Una mizani sita sita, na ulitutesa wiki tatu. Mpiga ngoma wangu bado anasema hajauelewa. Anaupiga vizuri hata hivyo.

Nije kwenye kurekodi.

Tulirekodi kwa miezi 14 katika nyumba ya kupanga South B. Chumba cha sauti kilikuwa kabati la nguo lililoondolewa milango, likatandikwa magodoro na kuzungushiwa leso za nyanya. Leso moja ina jina "Wema hauozi", na ilikuwa mbele ya macho yangu kila nilipokuwa naimba. Kulikuwa na jirani mwenye mbwa, kulikuwa na msikiti wa karibu ambao saa zake tulizijua na tukazipangia mapumziko, kulikuwa na umeme unaokatika mara tu sauti inapokuwa imechemka vizuri. Kuna sehemu katika wimbo wa saba mvua inasikika juu ya paa la mabati la jirani. Fundi alitaka kuiondoa. Nikamwambia aiache, hiyo ni Nairobi, na imenyesha kwa wakati wake.

Palikuwa na mabishano kuhusu ukubwa wa sauti pia. Watu walinishauri albamu iwe na kishindo, ipasue spika za matatu. Nilikataa. Spotify, kwa mfano, husawazisha nyimbo kwenye hasi 14 LUFS, kipimo cha ukubwa wa sauti. Ukiupandisha wimbo kupita hapo, wao wanaushusha, na kinachobaki ni ule ubapa, wimbo usio na pumzi. Muziki huu unaishi katika tofauti kati ya mnong'ono na sauti kamili. Ukinisikia chini mno, ongeza wewe mwenyewe kwa kidole chako.

Pesa zilitoka wapi? Harusi, mazishi, matangazo ya redio niliyoimba bila kutajwa jina, na mkopo wa chama chetu cha kuweka na kukopeshana. Wanachama wenzangu wako pale nyuma, wamevaa vitenge vya kijani, naomba muwapigie makofi. Hawa akina mama walikaa Jumapili moja wakajadili kama albamu ni biashara au si biashara. Aliyeamua mjadala ni mama muuza samaki wa soko la Gikomba. Alisema yeye hukopeshwa kwa ajili ya samaki wanaooza kwa siku moja, basi wimbo ambao hauozi kwa miaka 50 unashindwa nini. Nilikuwa nimemwambia habari za sheria wiki moja kabla. Alikuwa amesikiliza kuliko mimi nilivyodhani.

Kila saa ya studio niliilipa mimi. Kila risiti ninayo, kwenye faili la plastiki la samawati, na ujumbe wa M-Pesa nimeuchapisha. Leo mtu akiniuliza nani alilipa saa za studio, nina jibu la kurasa 41.

Hata hivyo risiti zinathibitisha rekodi tu, na mimi nilikuwa nimejifunza kwamba kuna mali ya pili. Basi tukaweka kawaida: hakuna anayefunga ala yake kabla karatasi ya mgao haijajazwa. Usiku ule ule, wakati kila mtu bado anakumbuka nani alileta nini. Jina la wimbo, tarehe, maneno ya nani na asilimia ngapi, lahani ya nani na asilimia ngapi, nani alipiga nini, sahihi. Ukurasa mmoja. Mwanzoni ilituletea aibu, kama marafiki mnaoandikiana deni la chumvi. Kisha ikaleta ugomvi, na ugomvi huo naushukuru. Mpiga ngoma aliuliza: mdundo wangu si utunzi? Tulibishana hadi usiku wa manane, chai ikapoa. Tukakubaliana kwamba aliyeongeza neno au lahani anaingia kwenye utunzi. Aliyepiga analipwa malipo ya siku ile, na haki yake ya mtumbuizaji inabaki yake. Lakini wimbo wa pili ulizaliwa kutokana na mdundo wake, mimi nikaufuata kwa sauti, kwa hiyo pale ana asilimia 25 ya utunzi. Bendi nyingine inaweza kuamua tofauti. Kilicho muhimu kwangu ni kwamba tuliamua tukiwa bado tunapendana na wimbo ukiwa bado hauna bei.

Mambo ya baada ya hapo nitayapitia mbio, maana wengi mnayajua. Kila rekodi imepewa namba yake ya ISRC, herufi na tarakimu 12 zinazoifuata popote inapochezwa. Bila namba hiyo pesa zinapotea njia. Kuna vyama vya kukusanya mirabaha: kwa miaka mingi mtunzi alikuwa na MCSK, mtumbuizaji PRISK, mwenye rekodi KAMP, na mwanamuziki anayejitegemea, akiwa watu watatu katika mwili mmoja, alikuwa na fomu tatu za kujaza. Mivutano ya leseni kati ya vyama na serikali mnaifahamu. Spotify imekuwepo Kenya tangu Februari 2021, na tangu 2024 wimbo usiofikisha mara 1,000 za kusikilizwa ndani ya miezi 12 haulipwi huko kitu. Kwa mwimbaji mchanga hilo linauma, na sioni uzuri wake. Skiza, ule wimbo anaousikia anayekupigia simu, ni afadhali: marekebisho ya sheria ya mwaka 2022 yalisema mwenye wimbo apate si chini ya asilimia 52. Basi, hayo yametosha.

Kujitegemea kwenyewe si jambo tulilolizua sisi. Siti binti Saad alivuka bahari hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri kwa Kiswahili, maana mitambo ilikuwa huko na kampuni ilikuwa ya Wazungu. Lakini miaka ya 1970, hapa Nairobi, hatua chache kutoka kituo cha mabasi, barabara ya River Road ilikuwa imejaa lebo ndogo na maduka ya santuri. Mtu aliweza kurekodi, akachapisha santuri zake hapa hapa mjini na kuziuza dirishani, mpaka kanda za kunakiliwa zilipokuja kuidhoofisha biashara ile. Mwaka 2008 vijana wa Just A Band walitoa albamu yao ya kwanza bila kampuni kubwa nyuma yao, na mwaka huo huo mwanamuziki Muthoni Drummer Queen akaanzisha tamasha la Blankets & Wine, ambako mimi, miaka michache baadaye, niliona kwa mara ya kwanza bendi ya Nairobi ikipiga polepole bila kuomba radhi. Na huko Marekani kwenyewe kuna mwimbaji wa soul, Eric Roberson. Alitoa wimbo na kampuni kubwa mwaka 1994, albamu iliyotarajiwa kufuata ikawekwa kabatini. Mwaka 2001 akatoa yake mwenyewe, kwa lebo yake mwenyewe, na ameendelea hivyo. Habari yake nilikuwa nikiisoma tena na tena zile jioni ambazo harusi zilikuwa hazipatikani.

Sasa nirudi kwa wakili na swali lake la pili. Uliutunga peke yako? Nikasema ndiyo.

Niliporudi nyumbani nilianza kuujaza wimbo wa tisa kwenye karatasi ya mgao, kama zile nyingine nane. Maneno: mimi, asilimia mia. Lahani: kalamu ikasimama.

Kabla ya ule usiku wa studio ya bure, wimbo ulikuwa na beti tu. Haukuwa na kiitikio. Tulikuwa tukingoja kupanda jukwaani kwenye harusi moja Ruaka, mpiga kinanda wa bendi ile akawa anachezacheza, akapata njia fulani ya sauti inayoshuka, na juu yake akanung'unika kitu kwa mdomo uliofumbwa. Nikamwambia rudia. Akarudia. Nikatia maneno. Hicho ndicho kiitikio ambacho dada yetu alikisikia kwenye harusi yake, ndicho ambacho mmenitumia mkikiimba kwenye simu. Nusu ya kiitikio ni yake. Na kwa miaka yote ile, kila niliposimulia jinsi nilivyodhulumiwa, nilisema "wimbo wangu". Nilikuwa nimeenda studio bila yeye, nikaimba lahani yake, nikatoka nikalia kwa furaha peke yangu. Yeye pia aliusikia redioni. Yeye pia hakupata kitu. Tofauti ni kwamba mimi nilikuwa na mtu wa kumlaumu, na yeye mtu wa kumlaumu nilikuwa mimi.

Ilinichukua wiki mbili kupata namba yake. Alikuwa amehamia Thika, anafundisha watoto kinanda. Nilikwenda Jumamosi asubuhi na ile karatasi ndani ya bahasha. Nilikuwa nimejiandaa kukaripiwa. Aliniandalia chai, akanisikiliza mpaka mwisho, akanyamaza, kisha akasema alikuwa akiamini mimi nimesahau kweli, na hiyo ndiyo iliyomfanya asiwahi kunipigia. Nikamwambia sikuwa nimesahau. Nilikuwa sijataka kukumbuka. Sijawahi kusema neno gumu kuliko hilo, na namshukuru kwamba hakulikatiza.

Tulijaza karatasi mezani kwake, watoto wakipiga mazoezi chumba cha pili. Maneno, mimi. Lahani, nusu kwa nusu. Akaomba jambo moja. Akasema kiitikio kile, alipokipata siku ile Ruaka, kilikuwa na utangulizi, mapigo manane ya kinanda peke yake kabla ya mtu yeyote kuimba. Kwenye ile rekodi ya zamani haukuwepo, kwa sababu hakuna aliyeujua isipokuwa yeye. Akaupiga. Nilitoa simu nikarekodi pale pale, na watoto wanasikika nyuma.

Kwa hiyo dada yangu, na wote mlioniuliza, wimbo haujabadilishwa. Una mwanzo wake sasa. Mwenyewe amefika jioni hii kutoka Thika, kinanda amekipakata mapajani kwenye matatu maana kondakta alitaka kukitupa juu ya gari na yeye akakataa. Tutaanza na wimbo wa tisa leo, si wa kwanza. Kaka, karibu jukwaani. Mapigo manane ni yako, na mimi nitasubiri.